Kijiti Mbele ya Kipepeo

Mtu mmoja alikuwa na kamera nzuri na subira ndefu, na ndani ya mfuko wa kamera alikuwa na mkasi mdogo. Jina lake Mbonea. Kazi iliyomlisha ilikuwa kupiga picha za harusi na ubatizo katika vijiji vya mlimani kwao, na alisifiwa kwa jambo moja: picha zake zilikuwa safi. Hukuona ndani yake kuku anayekatiza, wala ndoo, wala mtoto mwenye kamasi. Kabla ya kubonyeza, Mbonea aliondoa. "Sogea kidogo, unaziba," ndilo lililokuwa neno lake, na watu walisogea, maana nani hapendi picha safi?

Siku ya harusi ya mdogo wake, Nakijwa, mama yao alisimama ubavuni mwa bibi harusi akimfuta jasho kwa pindo la kanga iliyopauka. Mkono wake ulikuwa umepita mbele ya shela. Mbonea akasema neno lake. Mama akacheka, akasogea, akaenda zake kuangalia masufuria jikoni. Picha ikatoka nzuri mno, na kila aliyeiona aliisifu. Mama alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata, na wanawe walipotafuta picha yake ya siku ile hawakuipata hata moja. Nakijwa aliitundika ile ya harusi sebuleni kwake na hakuwahi kusema kitu. Ndugu zangu, mtu akinyamaza msidhani amesahau.

Sasa, chini ya kijiji chao palikuwa na kibonde chenye chemchemi, watu wakipaita Kibondeni tu. Msitu umekizunguka pande zote, na nyasi zake hazikauki hata jua liwake vipi. Humo aliishi kipepeo mdogo, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Akifunga mabawa ana rangi ya majivu, hata ukimkanyaga usingejua. Akiyafungua ni buluu ambayo hukuiona kwenye kitenge chochote gulioni. Na hakuwepo mahali pengine. Juu ya kilima hakuwepo, ng'ambo ya msitu hakuwepo. Upepo ukimsukuma hadi kwenye ukingo wa miti, aligeuka na kurudi kwao, kama mtoto aliyekatazwa kuvuka barabara.

Mbonea alimwona mara ya kwanza alipokuwa akitoka kwenye harusi moja mchana wa kiangazi, ameinama kunywa maji. Akampenda. Silifichi neno hilo, maana mapenzi yalikuwa ya kweli, na mfano huu haumhusu mtu asiyependa. Tangu hapo kila kiangazi, vuli ikishakatika na masika haijaanza, alishuka Kibondeni kila alipopata nafasi, akalala kifudifudi kwenye tope kama mamba, akamvizia. Wenzake waliokuwa wakinywa kahawa barazani walimwona akipanda amechafuka kuanzia kidevuni hadi magotini, wakacheka mpaka wakamwaga vikombe. Wakampa kipepeo yule jina: mdudu wa Mbonea.

Kipepeo yule alikuwa na mmea wake mmoja, kunde mwitu, unaotambaa juu ya nyasi na kusimamisha vijiti vyake vya maua huku na huku, ovyo, bila mpango. Hapo ndipo alipotua, katikati ya vijiti. Kwa hiyo kila Mbonea alipotazama ndani ya kamera, kulikuwa na kijiti mbele ya kipepeo. Kimoja kimekata bawa, kingine kimepita machoni. Akatoa mkasi. Alikata taratibu, bila kumshtua, kama kinyozi anayemnyoa mtoto aliyelala, na vijiti akavitupa kwenye maji ya chemchemi vikachukuliwa. Kilichobaki kilikuwa kipepeo, jani moja na mwanga. Picha hizo zilitundikwa shuleni na zahanati, na wageni walipouliza ni nani aliyezipiga, kijiji kizima kilijivunia kujibu.

Halafu kikaja kiangazi ambacho vipepeo walikuwa wachache. Kilichofuata, wachache zaidi. Mbonea akaanza kumtafuta mkosaji. Aliwalaumu mbuzi wa jirani, akawafukuza kwa mawe mpaka akagombana na mwenyewe. Aliwalaumu ndege. Alilaumu jua, akalaumu moshi wa wachoma mkaa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, lakini ni nani anayeanza kupekua nguo zake mwenyewe wakati mbuzi wa jirani wapo?

Ikatokea kwamba tangawizi ya mashamba ya juu ikaugua. Ilioza ikiwa bado ardhini. Mtu alichimba akidhani anavuna, akatoa uji unaonuka. Kijiji kikahitaji udongo mpya wenye maji, na macho yote yakashuka Kibondeni. Aliyeomba kwa nguvu kuliko wote alikuwa Nakijwa. Alikuwa mjane sasa, ana watoto wa kulisha, na shamba lake ndilo lililooza la kwanza. Hakuomba kwa tamaa, aliomba kwa njaa, na hayo ni mambo mawili.

Mbonea akasimama mkutanoni akamtetea kipepeo wake. Alisema hana kwao pengine, na wakipalima pale wamemmaliza. Wakamsikiliza, maana hawakuwa watu wabaya. Lakini mmoja akauliza, "Huyo mdudu bado yupo? Au tunaacha ardhi kwa ajili ya picha za zamani?" Mbonea akakiri kwamba kiangazi kile kizima alikuwa hajamwona hata mmoja. Basi mkutano ukakubaliana hivi. Mlima una nafasi ya kipepeo, ikiwa yu hai. Mbonea ashuke akamtafute, na akionekana kabla ya mkutano ujao, Kibondeni pataachwa. Asipoonekana, majembe yashuke kabla ya masika. Na kwa kuwa mwenye picha nyingi za zamani anaweza kutoa yoyote akaiita mpya, aende na shahidi. Wakamchagua Nakijwa. Ulimi wa mwanamke yule haukuwa mtamu, lakini haukupinda hata kwa faida yake, na hilo kila mtu alilijua. Akisema hayupo, hayupo. Akisema yupo, yeye mwenye njaa ya ardhi ile ile, nani atabisha?

Wakaanza kushuka wawili, kaka na dada. Mbonea alibeba kamera. Nakijwa alibeba ungo wa maharage ya kuchagua, kwa sababu hakuwa na siku za kupoteza kwa mdudu. Walikaa kwenye nyasi wakisubiri. Yeye akitoa mawe kwenye maharage, kaka yake akitembeza macho juu ya kunde mwitu, ambazo sasa zilikuwa zimebaki fungu moja tu karibu na chemchemi. Hawakuzungumza. Palikuwa na jambo la kuzungumza, lilikuwa na umri wa miaka mingi, na kila mmoja alilizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi njiani. Jioni walipanda mikono mitupu. Siku nyingine wakashuka tena, wakapanda vilevile. Nyuma ya kilima mawingu ya masika yalianza kusimama, na kila asubuhi yalikuwa yamesogea.

Ikafika siku ya mwisho, maana kesho yake ulikuwa mkutano. Jua lilikuwa likitoka na kuzama ndani ya mawingu, na kipepeo yule hakuruka bila jua. Saa sita ikapita. Mbonea aliona tayari majembe, aliona matuta ya tangawizi yamepangwa pale alipolala, aliona wale wa barazani wakimuuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha kuliko kicheko. Midomo yake ilikuwa imekauka hali amekaa kando ya chemchemi.

Nakijwa ndiye aliyemwona. Aliacha mkono wake ndani ya maharage akasema kwa sauti ya chini, "Kaka. Pale."

Alikuwa mmoja tu, jike, kingo za mabawa zimechanika kwa uzee. Alitua kwenye lile fungu la mwisho. Mbonea akalala kifudifudi, akasogea kwa viwiko, taratibu, tope likiingia kwenye shati. Akaweka jicho kwenye kamera. Mbele ya kipepeo, katikati kabisa, kilisimama kijiti cha maua. Akabonyeza hivyo hivyo. Picha ikatoka ya kijiti chenye doa la kijivu nyuma yake. Akasubiri. Wingu lilikuwa limelifunika jua, na alipokuwa akingoja mwanga urudi hakuwa na la kufanya ila kutazama.

Ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa akikiangalia miaka yote. Kipepeo alikunja ncha ya tumbo lake akaigusa kwenye kijiti. Akasogea kidogo, akagusa tena. Mbonea aliufahamu mguso ule. Siku za nyuma ulimuudhi, kwa sababu ulimtikisa kipepeo na kuharibu picha. Sasa aliona kinachobaki baada ya mguso: punje nyeupe kwenye vichipukizi vya maua, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Yalikuwa mayai. Hayakuwekwa kwenye jani wala kwenye shina. Yaliwekwa kwenye kijiti, kijiti kile kile kinachosimama mbele ya picha.

Alikumbuka viangazi vyote kwa mpigo mmoja, na vijiti vikielea kwenye maji ya chemchemi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kimebeba watoto wa mwaka ujao. Mbuzi hawakuwa na kosa. Ndege hawakuwa na kosa. Mkosaji alikuwa amelala kwenye tope akiwa na mapenzi tele na chuma kikali mfukoni.

Jua likatoka. Kipepeo akafungua mabawa, nusu, na ile buluu ikachungulia nyuma ya kijiti. Nakijwa alikuwa amesogea akachuchumaa karibu na bega la kaka yake, na Mbonea akasikia pumzi yake imesimama. Dada yake hakuwahi kumwona kipepeo yule amefungua. Alitazama kwa kitambo, kisha akanong'ona, "Nimemwona. Inatosha, kaka. Twende, kesho nitasema mimi."

Mbonea alimsikia vizuri. Alijua pia kwamba alichosema ni kweli: ilitosha. Hakuna mtu mlimani ambaye angelipinga neno la Nakijwa. Lakini yeye alikuwa mpiga picha. Atasimamaje mbele ya watu wote, yeye Mbonea, na picha ya kijiti? Wingu jingine lilikuwa linakuja, alilihisi mgongoni. Na hapo sababu ikamjia, sababu nzuri kabisa. Kijiti ni kimoja tu, akajiambia. Kipepeo atataga kwingine. Picha ikiwa safi, hakuna atakayethubutu kupagusa Kibondeni milele; nakata kimoja niokoe bonde zima. Ndugu zangu, iogopeni sababu nzuri inayofika wakati mkono tayari umo mfukoni.

Mazoea yana taabu. Mkasi ulitoka wenyewe, kama unavyotoka siku zote, kwa upole ule ule. Ulilia mara moja. Kijiti kikaanguka kwenye maji, kikazunguka, kikaenda.

Kipepeo aliruka, akazunguka pale kilipokuwa kijiti, akarudi, akatua kwenye jani tupu na kufungua mabawa yote mawili, wazi, kama mtu anayefungua mikono akiuliza. Mbonea akabonyeza. Hakuwahi kupiga picha kama ile, na hakupiga tena. Kisha wingu likafunga na tone la kwanza la masika likamwangukia shingoni. Kipepeo alitafutatafuta juu ya nyasi kwa muda, chini chini, halafu akaingia ndani ya majani na hakuonekana tena.

"Ulichokata kilikuwa na nini?" Nakijwa akauliza.

"Kilikuwa kinaziba," akasema Mbonea.

Dada yake akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua ikiita kutoka chumba kingine. Kisha akainua ungo wake, akatangulia kupanda.

Kesho yake mkutanoni Mbonea aliikumbatia picha kifuani, ameifunga kwa nailoni ili mvua isiiharibu. Hakupata nafasi ya kuifungua. Nakijwa alisimama kabla yake. Alisema, "Ardhi ile niliitaka, na bado naitaka. Lakini mdudu yupo, nimemwona kwa macho yangu, na mimi siwezi kupanda tangawizi juu yake. Paachwe." Akaketi. Mwenyekiti akauliza kama kuna wa kupinga. Watu wakatazamana. Hakuna aliyepinga, na wakahamia kwenye habari ya paa la shule. Ilikwisha hivyo, upesi, kwa maneno ya mtu mmoja. Hakuna aliyeiulizia picha. Mbonea alibaki ameishika, maji ya mvua yakichuruzika juu ya nailoni, na alipoinua mkono kuionyesha walikuwa tayari wanabishana kuhusu mabati.

Kibondeni pakaachwa. Nakijwa akapata shamba mbali, chini tambarare, akawa anakwenda asubuhi na kurudi magoti yakimuuma. Kiangazi kilichofuata Mbonea alishuka bila mkasi. Kunde mwitu zilikuwa zimetambaa kila mahali, vijiti vya maua vimesimama ovyo kwa wingi ambao hakuwahi kuuona, kwa sababu hapakuwa na wa kuvikata. Alilala kwenye tope mpaka sisimizi wakampanda kama gogo. Hakutua hata mmoja. Akashuka kiangazi kingine, na kingine. Aliwaita kwa moyo wake wote, lakini kipepeo haitwi. Watu wa mlimani hawakujua. Waliendelea kuwakemea watoto wasipakanyage Kibondeni, pana mdudu wa Mbonea. Naye hakupata ujasiri wa kuwaambia kwamba wanalinda nyasi.

Picha ile ilitundikwa ofisi ya kijiji, kwenye fremu, juu ya kiti cha mwenyekiti. Siku moja Mbonea aliingia humo akamkuta dada yake amesimama mbele ya picha hiyo. Alikuwa ametoka shambani, jembe begani, tope hadi magotini, kanga yake imepauka kwa jua mpaka ikafanana na ile ya mama yao. Alikuwa akiitazama ile buluu, na jani lile tupu, na mahali pasipo na kijiti. Mbonea akasimama nyuma yake. Alitaka kusema.

"Ni picha nzuri, kaka," akasema Nakijwa bila kugeuka. "Safi. Kama ile ya harusi yangu."

Akaliweka sawa jembe lake begani, akapita kando yake, akatoka.

Nanyi mlioketi hapa, mnaopenda nyumba zenu na watu wenu na Mungu wenu, na sina shaka kwamba mnapenda kweli: ni nani mliyemwambia wiki hii asogee kidogo, kwa kuwa alikuwa anaziba?